Dumu la Njano

Mume wangu aliendesha malori miaka thelathini na minane na hakuwahi kuua injini hata moja. Hilo atakuambia kabla hujamuuliza jina. Wenzake barabarani walimwita Taratibu, kwa sababu milima iliyowafanya wengine watukane yeye aliipanda kwa gia ya pili huku akipiga mluzi, na hakuwahi kuwasha gari, liwe lake au la tajiri, kabla ya kufungua boneti na kulikagua. Mwanamke akiolewa na dereva ameolewa na gari pia. Mimi katika ndoa hii nimekuwa mke mwenza wa malori saba.

Sasa tumebaki na gari moja dogo jeupe, umri wake na wa mjukuu wetu wa kwanza ni mmoja, na ufunguo wake ndio uliotuletea kisa.

Miezi miwili kabla ya siku ninayoisimulia, Taratibu aligonga nguzo ya geti letu wenyewe. Geti alilolijenga yeye! Mwanetu mkubwa, ambaye ni mpima ardhi, alikuja na futi yake, akapima geti, akapima gari, akatangaza kwamba kila upande kuna nafasi ya kutosha kupita ng'ombe, kwa hiyo tatizo si geti. Akawaita wadogo zake watatu. Wakaketi sebuleni kwetu wote wanne, nyuso za msibani, wakatoa uamuzi: kosa moja lingine, liwe dogo liwe kubwa, baba anakabidhi ufunguo. Gari litauzwa. Na kwa kuwa nina kidonda cha kisukari mguuni ambacho lazima kisafishwe zahanati kila Jumatatu na Alhamisi, tutahamia kwa mkubwa, kwenye chumba cha nyuma.

Nakijua kile chumba. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na ukilala unasikia friji ya watu wengine ikinguruma. Ni chumba safi cha kusubiria kufa. Sikuzaa watoto wanne ili nikasubirie humo, na nyumba yetu, hata ikivuja pale kwenye kona ya jikoni, ni yetu.

Taratibu alisema sawa. Akawapa mkono mmoja mmoja. Ahadi ni deni, na yeye hajawahi kurudisha neno lake nyuma. Hilo ndilo lililonitisha.

Alhamisi ile tulichelewa kwa sababu yangu. Bandeji ilikuwa imegandana na kidonda, nikakaa kuilowanisha kwa maji ya uvuguvugu hadi saa moja na dakika ishirini. Zahanati wanataka uwe kwenye benchi saa mbili kamili. Ukikosa zamu unarudi Jumatatu, na kidonda changu hakijui kusubiri Jumatatu.

Nilimsikia nje akifungua boneti. Nikachungulia. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakizamisha, akakichomoa tena na kupitisha ukucha wa kidole gumba juu yake. Siku hizi hupima hivyo, kwa ukucha.

"Redio!" akaita.

Hilo ndilo jina langu kwake tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Anasema nilizaliwa nimewashwa na kitufe cha kuzimia wakasahau kukiweka.

"Nini tena?"

"Niletee mafuta stoo. Dumu la njano. Hili gari linakunywa kuliko mlevi."

Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Mafundi wote husema oili, na vijana wote husema oili. Taratibu hasemi oili. Anadai hilo ni neno la watu waliojifunza udereva kwenye simu. Kwake petroli ni petroli, dizeli ni dizeli, na kinacholainisha injini ndicho mafuta yenyewe. Mimi sijawahi kuendesha hata toroli. Kwangu mimi mafuta ni ya aina mbili tu, ya kupikia na ya jenereta, na ya kupikia hayakai stoo.

Stoo mlikuwa na madumu mawili ya njano. Lile la jenereta zamani lilikuwa la kijani, likapasuka, nikanunua la njano, na ili tusije tukachanganya niliandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa kama za bango la duka: JENERETA. Nikalibeba hilo hilo. Nilidhani anataka kuongeza petroli kwenye tangi tusiishiwe njiani. Sikuwaza zaidi ya hapo, nilikuwa nachechemea na mguu unapwita. Nikamwekea dumu mkononi, nikarudi ndani kuchukua mkoba na kufunga milango.

Nilipotoka alikuwa anafunga boneti. Harufu ya petroli niliisikia, nikajua ni ya mikono yangu. Yeye hakusikia kitu, pua yake ilikufa na yale mafua makubwa ya mwaka juzi. Dumu lililobaki nusu akalitia kwenye buti.

"Sasa imejaa," akasema. "Panda, mama, tumechelewa."

Kutoka kwetu hadi zahanati ni kilomita tisa, na mimi njiani husema. Siwezi kukaa garini kama mzigo.

"Yule wa baiskeli kushoto kabeba godoro, utadhani kafukuzwa na mkewe. Haya, hapa mbele wanafunzi wanavuka, wawili, watatu, na huyu wa mwisho anaburuta mkoba kama anapelekwa jela. Wamekwisha. Lori hilo linakuja, limelalia upande wetu kidogo."

"Mm," Taratibu huitikia, na mikono yake hugeuza usukani kidogo. Hivyo ndivyo tunavyosafiri. Anayetuona hudhani ni wazee wanapiga soga, na kweli tunapiga soga.

Kilomita ya nne mguu ulinichoma ghafla. Nikafumba macho, nikauma meno, nikanyamaza. Labda ungeweza kuhesabu hadi kumi. Nilipofumbua, mbele yetu palikuwa na mtu wa mkokoteni, fulana ya bluu imelowa mgongoni, amejaza matofali hadi juu, na gari letu linamwendea bila kupunguza mwendo hata kidogo.

"Kulia!" nikapiga kelele. "Kulia, kulia!"

Akakata kulia. Kioo cha upande wangu kiligonga tofali la mwisho, kikakunjika. Niligeuka nikamwona yule mtu ameuachia mkokoteni, amesimama katikati ya vumbi ameshika kifua.

"Kimya kingi kina mshindo," Taratibu akasema, akijaribu kucheka.

Nilianza tena kusema, kwa haraka, kila nilichokiona, hadi mbwa, hadi mifuko ya plastiki.

Kilomita ya sita nikaona taa nyekundu kwenye dashibodi.

"Kuna taa imewaka. Nyekundu. Ina picha ya kibirika."

"Ya mafuta?"

"Nitajuaje mimi? Kibirika."

"Haiwezekani. Nimejaza sasa hivi."

Kisha injini ikaanza kugonga. Mwanzoni kwa mbali, kama mtu anabisha hodi kwa kijiko, halafu karibu, halafu ikawa ndani ya miguu yetu. Kong', kong', kong'. Nimeishi na dereva miaka arobaini na sita, sauti hiyo naijua kwa hadithi. Mafundi huita kunoki. Injini ikinoki, basi, vyuma vimelana, umebaki na sanduku la bati.

"Nasimama," akasema.

"Usisimame! Zimebaki kilomita tatu."

"Injini inagonga, mke wangu."

"Iache igonge! Ukisimama tutapiga simu, tukipiga simu mkubwa atajua, na akijua ndiyo basi. Nenda polepole. Si unaitwa Taratibu?"

Namwogopa Mungu, kwa hiyo nasema kama ilivyokuwa: mimi ndiye niliyemwambia aende. Na akaenda. Alikwenda labda kilomita nzima, mwili wake umeinama mbele, kichwa pembeni, akisikiliza kila pigo, na kila pigo nililiona usoni kwake. Nimemwona akizika mama yake. Hakuwa na uso ule.

Ghafla akazima. Gari likaserereka lenyewe, kimya, likasimama mbele ya karakana ya seremala.

"Siwezi," akasema. "Inaniomba nisimame na mimi naikanyaga. Afadhali wachukue ufunguo."

Seremala alituletea kigoda, nikaketi kando ya barabara mguu nimeunyoosha. Nilitafuta namba ya Spana kwenye simu ya mume wangu, kwa maana siku hizi namba namtafutia mimi. Spana alikuwa utingo wake zamani, alianza kwa kuweka mawe chini ya matairi mlimani. Sasa ana gereji yake na ndevu zake ni nyeupe kuliko za bosi wake. Alisema dakika kumi, anakuja na pikipiki.

Simu yangu ikalia kabla hata sijairudisha ya Taratibu. Mkubwa.

"Shikamoo mama. Mko wapi? Muuguzi kanipigia, anasema hamjafika."

"Marahaba. Tuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Hapa kwa seremala. Gari limesimama kidogo."

Nilisikia mlango ukifunguliwa, kisha funguo zake.

"Limesimama au limeharibika?"

"Limesimama."

"Nakuja. Nipe nusu saa. Mwambie baba asiguse kitu."

Nikamwambia Taratibu. Alitoa ufunguo mfukoni, akausugua kwa kidole gumba, akaurudisha.

Spana alifika na sanduku lake la vifaa, na galoni la oili na filta nyuma ya pikipiki. Akatuamkia wote wawili, nikamwambia mkubwa yuko njiani na ufunguo uko hatarini, akachomoa kijiti cha kupimia, akakitazama, na papo hapo akakileta puani. Akanusa mara moja tu. Akageuka akamfokea seremala aliyekuwa na sigara mdomoni aende nayo mbali.

"Mzee," akasema polepole. "Hii ni petroli."

"Petroli iko kwenye tangi," Taratibu akajibu.

"Iko na kwenye injini. Oili imekuwa maji. Leo asubuhi umeongeza nini?"

"Mafuta. Ya dumu la njano. Liko kwenye buti."

Nilihisi damu ikinishuka hadi kwenye kidonda. Mimi nilishaelewa. Spana alikwenda nyuma, akafungua buti, akatoka na dumu, akalisimamisha juu ya bamba la nyuma ya gari. Herufi zangu zilionekana hadi kwa seremala ng'ambo ya uzio. Spana akazisoma kwa sauti ndogo, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Je-ne-re-ta."

Taratibu alinyoosha mkono, akaligusa dumu, akalisogeza karibu na uso wake, karibu kabisa, hadi pua ikagusa plastiki. Kisha akalirudisha mahali pake taratibu sana.

"Nilimpa mimi," nikasema. "Aliomba mafuta, nikamletea mafuta. Kosa langu."

"Ndiyo, mama," Spana akasema. Lakini hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama bosi wake machoni, pale kwenye ule weupe unaofanana na maziwa yaliyomwagika kwenye chai.

Sisi tuna watoto wanne wa kuzaa, na wa tano ni mtoto wa jicho. Huyu wa tano tulimlea kwa siri, sisi wawili. Daktari wa macho alisema mwaka jana kwamba hutolewa, si kazi kubwa. Lakini kwenda kutolewa ni kukiri kwamba yupo, na kukiri ni kukabidhi ufunguo, kwa hiyo tukasema tutakwenda baada ya mvua, halafu baada ya sikukuu. Na mimi nikawa nasema njiani. Hatukuwahi kukubaliana. Siku moja tu nilimwambia kuna ng'ombe barabarani, akaitikia mm, na tangu hapo soga yangu ikawa na kazi.

"Zimebaki dakika ngapi mkubwa afike?" Spana akauliza.

"Ishirini," nikasema.

Alilala chini ya gari. Seremala akaleta beseni. Spana akalegeza boliti ya chini, na ile oili ikamwagika nyembamba, nyeusi, inakimbia kama uji uliozidishwa maji. Alipotoka alikuwa na kikombe cha oili ile mkononi.

"Mama, una kitambaa cheupe?"

Nilikuwa na bandeji mpya ya zahanati. Nikampa. Akaitandaza juu ya kopo, akamimina oili polepole ichuje, akainua bandeji juani.

"Anatafuta nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Chuma," akasema. "Beringi zikisagika, chuma hung'aa kwenye mafuta. Kikiwa kingi, nimeiua. Niambie unaona nini."

Nikasimama kwa mguu mmoja, nikamshika Spana bega. Kwenye bandeji kulikuwa na weusi mtupu, na kwenye ule weusi chembe. Mbili. Tatu. Nne. Zilimeta jua lilipozipiga.

"Zipo," nikasema. "Chache."

"Chache ngapi?"

"Ningeweza kuzipa majina."

Spana akacheka kwa pua. "Beringi zimelia, lakini hazijafa. Ungeongeza kilomita moja tu, Mzee, ningekuja kuchukua maiti. Nani aliyekuambia uzime?"

"Yenyewe," Taratibu akasema.

Mimi nilitazama chini. Aliyemwambia asizime nilikuwa mimi, na hakunitaja.

Spana alifunga boliti, akabadilisha filta, akamimina oili mpya, lita nne, huku akitazama barabara. Alipofuta mikono, alimshika Taratibu kiwiko.

"Akifika mwache kwangu. Nitasema ni pampu ya oili. Pampu huchoka, haina lawama na mtu."

"Spana."

"Ulinifundisha kazi ukanilisha. Mwache kwangu."

Alilirusha dumu ndani ya buti, maandishi yakatazama chini, akafunga. Na hapo hapo gari la mkubwa likaegesha nyuma yetu.

Mwanangu si mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu siku hiyo nilimchukia kwa nusu saa nzima. Alishuka na viatu vyake vya vumbi la kazini, akamwamkia baba yake, akainama akautazama mguu wangu kabla ya kutazama gari. Kisha akatazama beseni, kopo, bandeji, na kile kioo kilichokunjika upande wangu.

"Kuna nini?"

"Pampu ya oili," Spana akasema. "Ilikata kusukuma. Gari la umri huu ni kawaida. Kama si mzee kuzima mapema, injini ingekuwa imenoki."

"Pampu," mkubwa akarudia. Akamgeukia baba yake. "Baba?"

Taratibu alikuwa ameegemea mlango.

"Fundi ndiye anayejua," akasema.

Miaka arobaini na sita, na ule ndio uongo wake wa kwanza niliousikia kwa masikio yangu. Hata haukuwa uongo kamili. Hakuzoea, alishindwa kuumaliza.

"Washa tusikie," mkubwa akasema.

Taratibu akaingia, akawasha. Injini ikagonga. Kong', kong', mara tatu, mara nne, na Spana akainua mkono kama anayemzuia mtu asiondoke, subiri, subiri, oili inapanda. Pigo likapungua. Likawa la mbali. Likakoma. Ikabaki ile sauti yetu ya kila siku, ya kukoroma kidogo.

"Itaishi," Spana akasema. "Miaka mingapi, hilo sisemi. Lakini leo inatembea."

Mkubwa alishusha pumzi ndefu. Nikaona alikuwa anaogopa naye, maskini, alikuwa hataki kabisa kuuchukua ule ufunguo.

"Basi," akasema. "Kifaa kuchoka si kosa la mtu. Endelea na ufunguo wako, baba. Nimeongea na muuguzi, atampokea mama hata tukichelewa. Tangulieni, nawafuata nyuma."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nyumba yetu nikaiona, hadi ile kona inayovuja. Nikaingia garini, nikafunga mlango, seremala akatupungia. Taratibu akatia gia ya kwanza, mguu kwenye klachi, uso mbele. Akasubiri.

Alikuwa ananisubiri mimi.

Nikatazama barabara ili nianze kusema. Na kando kando ya lami, akitoka nyuma yetu, akatokea mtu mwenye fulana ya bluu anasukuma matofali. Alikuwa ametembea njia yote ile tuliyoikimbia. Alilitazama gari letu, akakitazama kile kioo, akatufahamu. Hakutukana. Aliuteremsha mkokoteni wake kwenye majani, mbali na lami, magurudumu yakazama, akawa anausukuma huko huko kwa shida, akigeuka kila hatua mbili kuangalia kama tumeondoka.

"Mbele kuko sawa?" Taratibu akauliza kwa sauti ya chini.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa naijua methali hiyo, na nilikuwa nimeshajiambia potelea mbali, kifo chenyewe ni chetu wenyewe, wazee wawili. Haikuwahi kunijia kwamba kinaweza kuwa cha mtu wa matofali.

"Redio," akasema.

Nikafumba mdomo. Nilikiona kile chumba cha nyuma, nikaliona dirisha na ukuta, na nilitaka kulia, lakini sikufungua mdomo. Injini ilikuwa inakoroma vizuri kabisa. Mkubwa nyuma yetu alipiga honi fupi ya kutuhimiza.

"Mke wangu. Kuko sawa?"

Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake ulioshika gia.

Uso wake uliielekea barabara asiyoiona. Kisha akaitoa gia. Akazima. Nilisikia nyayo za mwanangu zikija mbio.

"Imezima tena?"

"Haijazima. Nimeizima mimi." Taratibu akatoa ufunguo nje ya dirisha, akaunyoosha kuelekea sauti ilikotoka, na mwanetu akalazimika kusogea hatua moja pembeni ili kuufikia. "Hakuna pampu. Nilimimina petroli kwenye injini. Dumu lina maandishi makubwa na sikuyaona. Hata wewe hapo sikuoni, naona kivuli chenye sauti yako."

Mkubwa aliushika ufunguo kama kitu cha moto. Akainama, akanitazama mimi kumpita baba yake.

"Mama. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Ningependa anifokee. Alifungua mlango, akamshika baba yake mkono, akamtoa kama anavyotolewa bibi harusi, na Taratibu akamwacha amshike. Spana alikuwa amewapa mgongo wote, anapanga spana zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Gari jeupe tuliliacha pale kwa seremala. Tulikaa kiti cha nyuma cha gari la mwanetu, mimi kushoto na yeye kulia. Mwanetu akaendesha bila redio, na kwenye kioo niliona anafuta macho kwa mkono wa shati. Tulitembea kidogo. Taratibu aligeukia dirisha, akageuka tena.

"Tumefika wapi?" akaniuliza.

"Tunamkaribia yule wa mkokoteni. Yuko kushoto, amerudi barabarani, fulana yote imelowa. Anasukuma kwa kifua sasa."

"Yuko mbali na sisi?"

"Mbali. Mwanao anampisha."

"Mm," Taratibu akaitikia, na juu ya magoti yake, mikono yake miwili ikageuka kidogo kulia.